Kofia ya Kusahau

Nilikwenda kufutwa. Nasema wazi tangu mwanzo, asije mtu akadhani nilipelekwa na busara. Nilikwenda kwa sababu nilisikia kwamba mshauri mpya wa wilaya ana kofia. Ukivishwa unasimulia jambo lako, taa ya ukutani inatoka kwenye wekundu inakwenda kwenye weupe, na ikifika weupe lile jambo limeshang'olewa kichwani. Unatoka mwepesi. Hata ukikutana nalo njiani, hamjuani.

Habari hizo nilizipata saluni, kwa hiyo nilizichukua kuwa za uhakika. Walisema kuna mwanajeshi mstaafu wa Mulumba aliyekaa chini ya kofia mara moja tu, akatoka hamtambui mama mkwe wake. Hakuna aliyefikiria kuuliza kama kabla ya hapo aliwahi kutaka kumtambua.

Shida ilikuwa kuonekana. Chumba cha mshauri kilipakana na ofisi ya mifugo, na benchi la kusubiri lilikuwa moja. Mji mzima tulijua kuwa mlango wa kushoto ni wa mbuzi na wa kulia ni wa vichaa, kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili zake aliyekaa pale bila kisingizio. Mimi nilibeba chupa tupu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sina ng'ombe. Nimefanya kazi kwenye minara ya mvua miaka kumi na tisa, na kwangu hata paka alihama.

Nikakaa na chupa yangu mapajani. Mguu wa kulia ukawa unarukaruka wenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya kwa wiki tano. Nikiukandamiza kwa mkono, mkono ndio unaanza.

Mlango wa kulia ukafunguka. Akatoka mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, viatu vimejaa tope, kadi ya kazi shingoni.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Zeituni Njiku?"

"Marahaba. Polepole na hilo jina."

Aliitwa Anyisile. Alitoka Tukuyu, ambako mvua hunyesha bila kuombwa na mtu, na labda ndiyo maana alikuwa na subira ya namna ile. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, ndoo iliyokinga maji ya bomba bovu, na ukutani kioo cha taa kikubwa kama sinia. Kitanda hakikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitanda.

"Kofia iko wapi?" nikauliza.

Akanionyesha. Ilikuwa kitu chepesi, mfano wa kilemba cha nyuzi za fedha. Akanieleza inavyofanya kazi: inasoma mapigo ya moyo na joto la ngozi, basi, ili taa ituonyeshe sote wawili mwili unapokimbia huku mdomo umetulia. Alinieleza, naapa. Ila mimi nilitikisa kichwa kama mtu anavyokubali masharti ya simu bila kusoma. Nilichotaka ni kitu kimoja. Baada ya mwezi Baraza la Bonde lingeniita kutoa ushahidi, na nilitaka nikiulizwa niseme sijui, na iwe kweli.

"Nianzie wapi?"

"Popote unapoweza."

Basi nikavaa, nikaanza.

Minara yetu ni minne, imesimama kwenye ukingo wa bonde. Kila mmoja hurusha juu vumbi la chumvi lililotiwa umeme, na wingu hufuata ile chumvi kama mbuzi. Mashine tunayoiita Mgawo ndiyo huamua ni kijiji gani kinyeshewe, siku gani, milimita ngapi. Vijiji ni kumi na viwili. Kabla ya Mgawo, watu wa upande huu walikuwa wanafungasha na kuhama kila baada ya miaka mitatu. Kazi ya mtumishi wa zamu kama mimi ni kuitazama Mgawo isikosee, na pale inapolazwa kwa matengenezo, kushika mpini na kuyaelekeza mawingu kwa mkono.

Mpini huo ndio ulioleta maneno. Zamani aliyemwoza binti yake msimu wa mvua alimwendea mtaalamu wa kijiji na kuku mweusi, mtaalamu akaifunga mvua mpaka wageni watawanyike. Ilipojengwa minara wakaanza kuja kwetu. Desturi haikufa, ilihamia ofisini tu. Sisi wote wa zamu tumewahi kufanya hivyo. Unaandika kitabuni "matengenezo", unailaza Mgawo, unavuta mpini, na wingu linakaa pembeni mpaka pilau liishe. Tunaita kushika mvua. Sharti letu, tulilofundishana wenyewe kwa wenyewe, ni kwamba usizidishe masaa matatu. Wingu ukilishika huwi umelizuia, unakuwa umelingojesha, na linapongoja linanenepa.

Siku ile ilikuwa harusi ya Rukaiya, binti wa kaka yangu Jumbe, kule Mulumba. Nilikuwa zamu peke yangu. Nilishika masaa matatu kamili, na mkono ulikuwa unakwenda kwenye mpini kuachia, ngozi ya kiganja ikawaka maandishi. Ujumbe wa Jumbe: *Ongeza saa moja. Wageni bado wanakula.*

Ujumbe wa kiganjani haukai. Ukikunja ngumi umeshafutika. Nilikunja ngumi, nikashika saa moja zaidi.

Kisha nikaachia wingu juu ya korongo la Ntewa, ambako kwa ramani yangu hakuna watu, ni malisho matupu. Maji yalijaa kabla sijamaliza kikombe cha chai. Mwalimu Felista Mughwai alikuwa anavuka na pikipiki. Walimpata kesho yake. Madaftari ya wanafunzi aliyokuwa amesahihisha yalisambaa hadi mbali, watu wakayaokota na kuyaanika juu ya michongoma. Wakaokota na viatu vyake vya kisigino, vimefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Sijui kwa nini hivyo viatu ndivyo vilivyokuwa vinanijia kila nikifumba macho.

Bonde zima likasema mashine imeua mtu. Mume wake, Bwana Ntandu, akaandika bango kubwa, ZIMENI MGAWO, akalitembeza vijiji vyote kumi na viwili. Baraza likapanga siku ya kusikiliza. Nikisema ukweli, nimepoteza kazi na pengine nimejipeleka mahakamani. Nikinyamaza, wataizima mashine isiyo na kosa, na watu wataanza tena kufungasha.

Nilimwambia yote hayo. Nilimwambia hadi ya ngumi. Nilisema kwa uhuru ambao sijawahi kuwa nao, hata kwa Mungu, kwa sababu nilijua baada ya dakika chache sitayajua. Nililia, nikapenga kamasi kwenye khanga, nikaendelea. Na kweli, taa iliyokuwa nyekundu kama pilipili ikaanza kupauka, ikawa ya machungwa, ikawa nyeupe.

Nikanyamaza. Anyisile akanivua kofia taratibu.

"Unajisikiaje?"

Nikajipekua. Nikatafuta harusi, ipo. Nikatafuta kiganja, kipo. Viatu vya kisigino vilikuwa pale pale kwenye mfuko wao.

"Bado vipo," nikasema.

"Ndiyo."

"Vinatoka baada ya muda gani?"

Akaniangalia, nikaona amenielewa sasa hivi tu, na uso ukambadilika. "Mama, hii haifuti. Hakuna kofia inayofuta."

"Taa imekuwa nyeupe!"

"Kwa sababu umetulia. Umelia, mwili umepumzika kidogo."

Sijawahi kukasirika namna ile. Nilimwita tapeli. Nilimwambia amenivua nguo mbele yake kwa hila. Nilimwambia watu wa Tukuyu wote ni hivyo hivyo, na sijui mtu mwingine hata mmoja wa Tukuyu.

"Sasa unajua yote," nikasema. "Jioni halmashauri watajua."

"Hawatajua. Cha humu hakitoki. Kinachoweza kunifanya nimwambie mtu ni kama unataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Unataka?"

"Nataka kukudhuru wewe."

"Hiyo naihesabu kuwa hasira," akasema. "Na mpini? Utaushika tena?"

"Sijaugusa tangu siku ile. Nipo likizo."

Akaitikia kwa kichwa. Nikatoka nikibamiza mlango, na chupa yangu ya dawa nikaisahau chini ya kiti.

* * *

Nilirudi Jumanne iliyofuata. Nilijiambia narudia chupa, na narudi kumchunguza kama amesema. Wiki nzima nilikuwa nimezunguka mjini nikitazama nyuso za watu. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa, nikapika ugali nikaumwaga, nikatembea hadi kituo cha minara na kurudi bila kuingia. Hakuna aliyenitazama vibaya. Hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Kwenye benchi alikaa mwanamume mwenye kapu, na ndani ya kapu kuku mwekundu ametoa kichwa. Nilikuwa nimeshakaa ndipo nikamtambua. Alikuwa Ntandu.

Sikuwa nimewahi kumwona karibu hivyo tangu msiba. Alikuwa amekonda mashavuni, na shati lake lilikuwa limefungwa kifungo kimoja pembeni, la mtu ambaye hana tena wa kumwambia. Nilitaka kusimama, lakini alikuwa ameshanigeukia. Mguu wangu wa siku zote ulikuwa unapiga sakafu kama cherehani.

"Habari za leo, dada," akasema. Hakunijua kuwa ni mimi wa zamu ile. Alijua tu kwamba nafanya kazi minarani.

"Nzuri, kaka. Pole na... pole."

"Ahsante. Nimemleta kuku. Ana kideri."

Kuku akanitazama kwa jicho safi, akanyofoa uzi kwenye kapu kwa nguvu zake zote. Mlango wa kushoto ukafunguka, bwana mifugo akachungulia, akamwona Ntandu, akaguna. "Huyo kuku mara ya tatu sasa. Mzima kuliko mimi." Akafunga mlango.

Ntandu akainama. Mlango wa kulia ukafunguka, na Anyisile akaonekana. Alituona sote wawili, akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana Ntandu," akasema, "siku yako ni Alhamisi."

"Nimechanganya," akasema Ntandu, akabeba kapu lake akaondoka haraka. Hata kwaheri hakusema.

Niliingia, nikafunga mlango.

"Yeye naye ni wako?"

"Siwezi kukuambia nani ni wangu na nani si wangu."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Umemwona kwenye benchi la mifugo, mama. Ana kuku."

Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Taa ilikuwa nyekundu hata kabla ya kuvaa vizuri. "Ningekuwa wewe ningemwambia," nikasema. "Huyu mtu anakuja kukulilia hapa, na wewe unamjua aliyemfanya alie. Unawezaje kukaa naye?"

"Niko peke yangu wilaya nzima. Kwa hiyo nakaa na kila mtu." Akaisogeza ndoo kwa mguu. "Si rahisi. Lakini ningemwambia yeye la kwako, mtu mwingine angejuaje kwamba la kwake sikwambii wewe?"

Nikaingia kwenye jambo lililonileta hasa.

"Basi niambie nifanye nini."

"Sijui."

"Umesomea miaka mingapi?"

"Saba."

"Miaka saba, na hujui?"

Akacheka, mara ya kwanza. "Nikikuambia sema, mambo yakaharibika, utanilaumu mimi. Nikikuambia nyamaza, utanilaumu hivyo hivyo. Njia zote mbili utakuwa umepata mtu mwingine wa kukushikia mpini."

Nilimchukia dakika hiyo. Watu wanadhani mshauri ni mtu wa kukupa jibu, kama daktari anavyokupa vidonge asubuhi na jioni. Mimi ningekunywa jibu lolote hata kama ni chungu. Nilitegemea pia angeniuliza habari za marehemu mama na kama nilipigwa utotoni, nikaandaa majibu mazuri tu. Hakuuliza. Aliniuliza: kama ungeweza kusema sentensi moja mbele ya Baraza, ingekuwa ipi?

"Siku ile mashine..." nikaanza. Taa ikawaka mpaka ukuta wote ukawa mwekundu. Nikaishia hapo.

"Inatosha kwa leo," akasema.

"Maneno matatu ndiyo yanatosha?"

"Juzi ulisema yote kwa sababu ulidhani yanatoka. Leo umesema matatu ukijua yanabaki."

Nikaenda hivyo, Jumanne kwa Jumanne. Niliambiwa kule saluni kwamba mtu anapona siku moja. Mimi Jumanne ya tatu niliongeza neno moja tu, na usingizi nikapata masaa manne.

* * *

Jumapili kabla ya Baraza nilikwenda kwa Jumbe. Alikuwa uani anakamua alizeti, mafuta hadi kwenye viwiko.

"Dada, ile chupa yako ya dawa ya ng'ombe haikumdanganya mtu," akasema hata kabla ya salamu. "Mji mzima unajua unakwenda kwa yule wa kofia. Una wazimu gani wewe? Yule si anapeleka taarifa halmashauri?"

"Angepeleka ningekuwa nimeshafungwa."

Akashtuka, akatazama mlangoni. "Umemwambia?"

"Jumbe, ile saa ya nyongeza. Ilikuwa ya nini?"

"Si nilikuandikia. Wageni walikuwa wanakula."

"Watu mia tatu walikuwa bado wanakula baada ya masaa matatu?"

Akazungusha mkono wa mashine kwa nguvu, ingawa ndani hapakuwa na mbegu tena. "Alikuja mtu mmoja akaniomba. Akasema tafadhali, saa moja tu. Nikaona haya kumkatalia siku ya furaha."

"Nani?"

"Zeituni, yamepita. Alhamisi utasema Mgawo ilikuwa na hitilafu ndiyo ikawekwa kwenye matengenezo, kitabu kinasema hivyo, wataizima, sisi tutabaki na maisha yetu."

"Na watu wa kijiji cha Ntewa watakula nini mwaka kesho?"

Akaanza kujifuta mafuta kwenye viwiko. Kaka yangu si mtu mbaya. Ana binti aliyeolewa vizuri, na hakutaka harusi ile iwe na maiti ndani yake. Nilimwelewa kabisa, na nikaondoka nikiwa na hasira naye mpaka meno yananiuma.

* * *

Baraza lilipangwa Alhamisi saa nane mchana. Asubuhi nilikwenda kwenye benchi, ingawa haikuwa siku yangu. Sikubeba chupa.

Ntandu alikuwepo na kapu lake. Nilijua atakuwepo. Sitaki kusema nilikwenda kwa ajili yake, kwa maana njia nzima nilikuwa najiambia nikimkuta nitageuka. Nilikaa. Kati yetu kuku.

"Hajambo huyu?" nikauliza.

Akamtazama kuku kwa muda. "Hajambo. Hakuwahi kuumwa."

"Na mimi sina ng'ombe."

Pembe ya mdomo ikamcheza kidogo, ikaacha. Mguu wangu ulikuwa unaruka. Nikauwekea mikono miwili. Hapakuwa na taa ya kunionyesha, lakini niliijua rangi yake.

"Bwana Ntandu, nina neno. Ukishalisikia unaweza kunifanya utakavyo."

Nikamwambia. Sikusema kwa ufasaha. Nilianza na harusi, nikarudi kwenye matengenezo, nikaruka kwenye korongo, nikarudi tena kwenye masaa matatu. Nilimwambia kwamba mashine ilikuwa imelala na mkono ulikuwa wangu. Nilimwambia sharti letu ni masaa matatu, nami nikaongeza la nne kwa kuombwa na kaka yangu, na nikakunja ngumi ili nisiwe na la kuonyesha. Sikumwomba msamaha, kwa sababu niliogopa angedhani nimekuja kuuchukua.

Alikirudisha kichwa cha kuku kapuni kwa kidole. Nilisikia mbuzi analia ndani ya mlango wa kushoto. Nilikuwa tayari anipige. Nadhani ningeshukuru.

"Harusi ya Rukaiya," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa chini mno, nikalazimika kuinama. "Felista alikuwa shuleni anasahihisha. Alisema akimaliza anakuja, ila anaogopa mvua, korongo hilo halitabiriki. Nikamwambia njoo tu, leo mvua imeshikwa. Akasema ndiyo kwanza nimebakiza daftari chache. Basi nikamfuata Jumbe."

Nilianza kuelewa, nikatamani asiendelee.

"Nikamwomba saa moja," akasema Ntandu. "Saa moja tu, afike hajalowa. Alikuwa amenunua viatu."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Kuku akatoka kapuni, akashuka sakafuni, akaanza kudonoadonoa. Hakuna aliyemshika.

"Mimi ndiye niliyemwambia avuke," akasema ndani ya viganja vyake. "Nimetembeza bango vijiji kumi na viwili. Mashine hainijibu. Ningemlaumu mtu, angenijibu, angeniuliza, alikuwa anakwenda wapi mkeo?"

Nililia tu, bila aibu, palepale kwenye benchi la mifugo, mbele ya mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja na mbuzi wa kweli. Maumivu yangu hayakupungua hata kidogo kwa kujua kwamba yana mwenzake. Mpini niliushika mimi. Ila kwa mara ya kwanza kwa wiki tisa sikuwa nayo peke yangu, na hilo nalisema kwa sababu nililihisi.

Mlango wa kulia ukafunguka. Anyisile akasimama, akatutazama mimi na Ntandu, kisha kuku aliyekuwa anazurura. Nikakumbuka kwamba mwanamke huyu alikuwa amebeba nusu zote mbili za jambo hili, Jumanne yangu na Alhamisi yake, bila kuziunganisha hata kwa jicho. Sehemu ya moyo wangu ilitaka kumpigia kelele kwamba angetupunguzia wiki nne. Sehemu nyingine ilijua kwamba angefanya hivyo, leo nisingekuwa nimesema mimi.

"Bwana Ntandu," akasema, na sauti yake haikuwa imara kama siku zote. "Ni saa yako. Unaingia?"

Ntandu akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Leo siingii. Nisaidie kumkamata huyu."

* * *

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watu wa vijiji kumi na viwili walikuja na mabango, mengine ya kuizima Mgawo, mengine ya kuiacha, na machache yenye maandishi pande zote mbili ili wageuze kulingana na hali. Jumbe alikaa safu ya tatu. Aliponiona nimekaa karibu na Ntandu, akaweka mkono kichwani.

Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mwenye miwani mizito, alisoma shauri: kwamba mashine iitwayo Mgawo, kwa hitilafu yake, ilisababisha kifo cha Mwalimu Felista Mughwai, na mlalamikaji anaomba izimwe na minara ifungwe. Akamwita mlalamikaji.

Ntandu akasimama na kapu mkononi. Watu wakaanza kupiga makofi, yeye akainua mkono mpaka wakaacha.

"Mwenyekiti, nina maneno ya kusema, na ni mazito," akasema. "Lakini hayawezi kueleweka kabla ya mwingine hajasema yake. Naomba atangulie huyu mama."

Ukumbi mzima ukageuka. Nikasimama. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka, nikauacha utetemeke. Kipaza sauti kilikuwa juu mno, mtu akanishushia. Niliwatazama watu wa Ntewa, waliokuwa wamekaa pamoja karibu na mlango, na nikaona wawili watatu wa pale saluni.

"Naitwa Zeituni Njiku," nikasema. "Siku ile mashine ilikuwa imelala. Mvua niliishika mimi."